Mwaka Ambao Mwamikazi Hakulia

Tulimzika Mama Stefania mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imekwama nyuma ya mawe ya makaburi, kisha tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa huku Scarborough kula. Mchungaji aliniomba niseme maneno machache kwa kuwa niliwahi kuishi naye. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikasema alikuwa mama mwema, nikaketi. Watu walidhani huzuni ndiyo iliyonikaba. Huzuni ilikuwepo, sikatai, lakini kilichonifunga mdomo ni neno alilonikabidhi mwaka wa tisini na saba, nilipokuwa binti wa miaka ishirini na kidogo niliyejidai najua kila kitu. Mwenye haki ya kulisikia neno hilo kwanza alikuwa ameketi meza ya mbele, kichwa kimejaa mvi, akipangusa miwani yake kwa ncha ya tai. Huyo ni mwanawe, Fideli. Macho yake yalikuwa makavu. Nyuma yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba watu wa nyumba ile hawajui kulia, mama hakulia na mwana naye halii, nikatamani kumgeukia nimnyamazishe. Sikumgeukia. Umri umenifundisha adabu kidogo, ingawa si nyingi.

Chumba kwao nilikipata kwa maneno ya kanisani, kama sisi Wakenya tunavyopata kila kitu ugenini. Niliambiwa yuko mama Mkongomani huko Crescent Town, ana kijana mmoja na chumba cha ziada, mama mtulivu asiyependa makelele. Hakuna aliyeniambia kwamba alikuwa mke wa mfalme. Hata ningeambiwa ningecheka, maana nilimkuta mama mfupi, mwembamba, amevaa sweta ya mwanawe juu ya kitenge, amepiga magoti anasugua sakafu ya jikoni. Sebule ilinuka samaki wa chumvi na sabuni. Palikuwa na kochi la kuokota, viti vya plastiki, picha ya Bikira Maria, na kwenye pembe ya dirisha, pale unapoziona treni zikipita chini, pazia la kitenge cha kijani lililotundikwa kwa kamba. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza ndogo, kigoda, na kiti cha mikono, kiti pekee cha maana katika nyumba nzima, na hakuna aliyekikalia. Mimi siku hiyo nilikitupia mkoba wangu. Mama Stefania aliuinua polepole kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala, akauweka kwenye kochi, wala hakunigombeza.

Wakati wa chakula ndipo nilipopigwa na butwaa. Alipika bugali, ugali wao wa muhogo, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na nyama ya mbuzi. Sahani ya kwanza, yenye minofu mizuri, aliipeleka nyuma ya pazia akaiweka mbele ya kile kiti kitupu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akakipa kiti mgongo. Pazia alikuwa ameliacha nusu wazi, nikamwona vizuri: uso kwetu, mgongo kwenye kiti, mkono wa kulia mapajani na wa kushoto ameupeleka nyuma ya kiuno, kiganja wazi. Nilifikiri mgongo unamuuma.

"Mama, kuna mgeni anakuja?" nikauliza.

"Hapana, mutoto yangu. Ni ya mwenye nyumba."

"Yuko wapi?"

"Iko kwetu, ku milima. Lakini saa ya kula ni saa ya kula."

Nilimtazama Fideli, naye akajishughulisha na tonge lake. Tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo aliponieleza kwa sauti ya chini. Baba yake alikuwa mwami, mfalme wa milima fulani juu ya ziwa, na mama yake ndiye mke mkubwa, mwamikazi. Mambo yalipochafuka, mwami aliwatoa wao akabaki mwenyewe, kwa kuwa mwami hakimbii. "Kwetu hakuna mutu anaona mwami akikula," alisema. "Hata mama. Yeye njo anaonja chakula, njo anafunga pazia, njo anakaa naye, lakini anamupa mugongo." Nikamuuliza, basi mama alijuaje kama chakula kimempendeza? Fideli akacheka. "Alikuwa anasikia." Kesho yake asubuhi nilimwona akiitia ile sahani ya baba yake kwenye kopo la plastiki na kuondoka nayo kwenda kiwandani, kwani chakula cha mwami hakitupwi, huliwa na mwanawe. Mabaki ya mfalme yalikuwa yakipashwa moto kila siku kwenye kantini ya kiwanda cha vipuri vya magari, na wenzake walimsifu Fideli kwa mama anayepika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilipewa kisu. Nikawa msaidizi wa jikoni. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ufalme hauhitaji jumba. Siku moja tulishuka na nguo kwenye chumba cha kufulia cha jengo, tukamkuta Mzee Kabano, Mkongomani aliyekuwa akisafisha ofisi za watu mjini, anangoja mashine yake. Kumbe kwao alikuwa mlinzi wa ngoma ya mwami. Alipomwona Mama Stefania na kapu la shuka, alipiga goti pale pale kwenye sakafu yenye maji ya sabuni, akapiga makofi polepole, macho chini. Mama mmoja wa Kijamaika alibaki na soksi mkononi, mdomo wazi. Mwamikazi aliitikia kwa kuinamisha kichwa kidogo tu, kisha akaniuliza kama nilikumbuka kuleta sabuni. Nilijisikia mkubwa siku hiyo kwa kubeba tu kapu lake.

Usinielewe vibaya, hakuwa mama wa kuliwaza watu kwa hekima. Alikuwa mkali, mchaguzi wa samaki, na alijua kunyamaza mpaka mtu akiri dhambi asizotenda. Lakini alipenda kucheka, na siku alipocheka sana ndiyo siku aliyonieleza habari ya mkono. Nilikuwa nimemshauri, kama mwanafunzi wa uuguzi, afanye mazoezi ya mgongo. "Mugongo iko muzima," alisema. Wakati alipoolewa, akiwa msichana, alikaa nyuma ya pazia ameupa mgongo ufalme wote, njaa inamkata, kwa sababu mke wa mwami hali mpaka mwami amalize. Siku ya tatu, mkono ameuegemeza nyuma kwa uchovu, akasikia kitu cha moto kimeangukia kiganja chake. Kipande cha nyama. Mwami alikuwa amekiiba kwenye sahani yake mwenyewe ampe. Hakugeuka, wala mwami hakusema neno, na hata walipokuwa peke yao hawakulizungumza. Tangu siku hiyo kila mlo alikuwa akiacha mkono nyuma, na kila mlo kikaja kipande. "Bale bazee ba kule inje banafikiri mwami anakula sana," alisema, akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo kwa kicheko. Nimeolewa tangu hapo, nimepewa maua, nimepewa pete, sijawahi kupewa kitu kama kile kipande cha nyama.

Habari zilikuja kukiwa na baridi ile inayochoma pua. Vita vilikuwa vimeingia kwao na simu zilikuwa zimekufa. Mzee Kabano alibisha hodi Jumapili baada ya misa, akaingia, akakataa kuvua koti. Alisimama katikati ya sebule, theluji ya viatu vyake ikiyeyuka kwenye sakafu ambayo kwa kawaida mama asingeruhusu ichafuliwe.

"Mwamikazi," akasema, "mwami amegeukia ukuta."

Mama Stefania alikuwa ameshika mwiko. Aliutazama kidogo. "Basi analala," akajibu. "Mutu akilala anageukia ukuta."

"Mwamikazi, mwami amegeukia ukuta," mzee akarudia, na safari hii sauti ilimpasuka.

"Nimesikia, Kabano. Kaa, ukunywe chai."

Fideli alikuwa ametoka chumbani na soksi mguu mmoja. "Mama, anasema papa amekufa."

"Papa yako iko anakula," alisema, akapakua sahani ya kwanza, akaipeleka nyuma ya pazia, akakaa, akauacha mkono nyuma. "Punguza sauti." Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na niliuona mkono ule. Kiganja kilikuwa wazi, na uso wake haukuonyesha kitu. Sijapata kuona uso wa namna ile, na nimewafunika wafu wengi katika kazi yangu.

Nilimsindikiza Mzee Kabano hadi kwenye lifti, naye akanifumbua macho huku akijifuta pua kwa glavu. Kwao mwami hafi mpaka mke wake mkubwa alie. Kilio chake ndicho tangazo. Akishalia, ngoma inapinduliwa, na mtoto wake lazima arudi akae kwenye kiti cha baba yake. Siku hiyo hiyo mama anaacha kuwa mwamikazi. "Na asipolia?" nikamuuliza. Lifti ilifika, milango ikafunguka, na mzee hakuingia. "Hatuyakuonaka vile," akasema, yaani jambo kama hilo halijawahi kuonekana kwao.

Basi sisi Wakenya tukaja na yetu. Kwetu mtu akifiwa hawezi kuachwa peke yake hata akitaka. Akina mama wa kanisa walifika na chupa za chai, maandazi na vitambaa vya kulilia, wakaketi kwenye kochi na viti vya plastiki, wakaimba, wakaanza wao wenyewe kulia kwa niaba yake, kwa moyo mmoja kabisa. Mama Stefania aliwashukuru, akawamiminia chai yao wenyewe, akawauliza habari za watoto. Mmoja akamshika mabega: "Mum, lia tu, usijikaze, utapata presha." Akajibu, "Bwana yangu hajambo. Karibuni tena." Walipokuwa wakivaa mabuti mlangoni nilimsikia mwingine akisema, "Haki ya Mungu, huyu mama ana roho ya jiwe. Mimi nikifiwa na mzee wangu hata lifti itajua." Sikumtetea. Nami nilikuwa nimeanza kuwaza hivyo hivyo.

Na vituko vyake viliongezeka. Aliacha kukata vitunguu. Kila kitunguu kilichoingia nyumba ile nilikikata mimi, naye alitoka jikoni kabisa mpaka nimalize, na nilinung'unika chini kwa chini kwamba ama kweli ufalme umemrudia, hata kitunguu hakati. Aliacha kutoka nje upepo ukivuma. Alipolazimika kutoka alivaa miwani mikubwa myeusi ya jua, katikati ya baridi, mbingu ikiwa ya kijivu kama jivu lenyewe, na watoto wa jengo wakamcheka. Redio ikipiga nyimbo za kwao aliizima. Kila Jumapili Mzee Kabano alikuja akakaa kwenye kochi, mikono magotini, akimtazama usoni kwa heshima na kwa subira ya mtu anayengoja basi. Mama alimpa chai. Mzee alikunywa, akapiga makofi yake polepole, akaondoka bila kitu.

Fideli aliacha kubeba sahani ya baba yake. Asubuhi aliipita pale mezani kana kwamba haipo, nami nikawa nalazimika kuimaliza, nikila bugali wa mfalme nimefumba macho. Alitaka kurudi kwao. Alitaka amzike baba yake, akae kwenye kiti, awapange watu, alipize kisasi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na moyo wa moto. Bila kilio cha mama yake hakuwa na ruhusa ya lolote. Siku waliyogombana nilikuwa mezani na vitabu vyangu, na hapakuwa na pa kukimbilia.

"Hata mbwa akikufa batu banahuzunika," alimwambia. "Papa analala kule mu pori, hata kaburi hana, na wewe unapika! Najua juu ya nini hautaki kulia. Ukilia, hauko tena mwamikazi. Unataka Kabano aendelee kukupigia magoti kule ku mashine ya nguo."

Mama Stefania alikuwa akikunja shuka. Alizilinganisha pembe zake. "Umekula?" akamuuliza.

Fideli alihama wiki ile ile, akaenda kuishi na wenzake wa kiwandani huku Scarborough, mbali, mabasi mawili na kutembea. Hakuchukua hata blanketi. Mama alisimama dirishani akimtazama kituoni mpaka basi likamchukua, kisha akaenda bafuni akafungua maji, na mimi nikajua sasa amevunjika, sasa atalia. Nilisogea mlangoni. Alikuwa anaosha bomba la sinki kwa mswaki wa zamani.

Ilikuwa baada ya Pasaka, madirisha yamefunguliwa kwa mara ya kwanza, ndipo nilipomfokea. Nilikuwa nakata vitunguu, machozi yananitiririka, pua inachuruzika, na yeye amesimama kule sebuleni kwa mbali kama kawaida. Nikabwaga kisu. Nikamwambia, mama, mimi si mjakazi wa kasri, na kama huwezi kumlilia mumeo, angalau kata kitunguu chako.  Alikuja mpaka mlangoni, akavuta kitambaa akajifunika pua.

"Nekesa," akasema. "Ukiona chozi ku macho yangu, utajua ni ya kitunguu?"

"Ndiyo, mama, si niko hapa nakikata?"

"Na Kabano atajua?"

Nikapangusa macho kwa kiwiko.

"Chozi haina jina," akasema. "Ikianguka, imeanguka. Kabano atapiga simu. Batapindua ngoma. Na Fideli ataenda." Akaketi kwenye kigoda cha jikoni. "Kile kiti, mutoto yangu, bwana yangu alikaa juu yake, bakamuua. Baba yake alikaa, bakamupa sumu. Mimi nilikaa nyuma ya ile kiti maisha yangu yote, nilisikia mingi. Mwami hakufi kama sijalia. Basi sitalia. Asipokufa yeye, hakuna atakayemuita mutoto yangu."

Nilimwambia amweleze Fideli. Nilimwambia kijana anamchukia, hajui, na akijua atampigia magoti yeye mwenyewe. Alitikisa kichwa. "Akijua ninameza kilio juu yake, ataona haya, ataenda. Iko na roho ya baba yake. Acha anichukie. Mwenye kuchukia anakula, analala, anaoa." Kisha akasema lililonimaliza: "Lakini mimi nilimupenda, Nekesa. Wee unajua. Kila saa ya kula ninaweka mukono nyuma, na hakuna kitu inaanguka." Alisema hivyo macho yake makavu kabisa, na mimi nililia kwa ajili yetu sote wawili, nikasingizia vitunguu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa nimeimba methali hiyo shuleni bila kujua inazungumzia nini.

Mwisho wa mwaka Mzee Kabano alikuja na habari nyingine. Mdogo wake mwami alikuwa amechoka kungoja, akakikalia kiti bila kilio, na hakumaliza hata msimu wa mvua, walimkuta barabarani. Mama Stefania alisikiliza, akafanya ishara ya msalaba, akapeleka sahani nyuma ya pazia. Nilimtazama nikidhani nitaona japo ushindi. Alionekana mzee tu. Miezi michache baadaye nilimaliza masomo, nikapata kazi, nikahama, na tangu hapo nikawa mgeni wa Jumamosi. Fideli naye alirudi kidogo kidogo, kwa sikukuu, koti halivui, anasema Kifaransa na mama yake kama anaongea na karani. Alioa. Akawa dereva wa lori. Alipata mabinti watatu wanaoelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza, na tumbo, na kisukari. Mama aliyahesabia yote hayo kama faida. Siku moja, Mzee Kabano akiwa ameshafariki na hakuna tena aliyekuwa akingoja, nilimwambia, mama, sasa unaweza. Akafikiri. "Nilijaribu," akasema. "Haitoki tena."

Katika makao ya wazee, alipokwisha kunisahau jina, wauguzi walilalamika kwamba anakataa kuketi mezani kama wengine. Aligeuza kiti chake kila mlo, akakipa kiti kitupu mgongo, mkono wa kushoto nyuma. Waliandika kwamba ana ukaidi. Niliwaambia wamwache.

Basi pale ukumbini, watu wakiwa wamepanga foleni ya chakula, nilikwenda nikaketi karibu na Fideli, nikamwambia. Sikuremba. Nilimwambia habari ya vitunguu, ya miwani myeusi, ya kipande cha nyama, na kwa nini mama yake alimuuliza kama amekula siku ile alipomtukana. Alinisikiliza bila kunitazama, miwani mkononi. Nilipomaliza, binti yake mdogo akaja na sahani akaiweka mbele yake na kuondoka.

"Ule mukono," akasema hatimaye. "Niliuona toka mutoto. Nilifikiri mugongo inamuuma."

"Hata mimi."

Aliinuka. Alichukua ile sahani, haijaguswa, akaiweka mbele ya kiti kitupu cha jirani. Akakigeuza kiti chake, akaketi akakipa kile kingine mgongo, mbele ya kanisa zima, mzee wa mwili mkubwa na suti nyeusi. Akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, akafungua kiganja. Na hapo Fideli akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, akiita papa, kisha mama, kisha papa tena, na foleni ya chakula ikasimama, na wale akina mama waliokuwa wakinong'ona wakashika midomo. Mabinti zake walikuja mbio, wakamuuliza kuna nini, naye hakuweza kuwajibu.

Mkono ulikuwa bado uko wazi. Nikachukua kipande cha nyama kwenye ile sahani, kile kizuri kuliko vyote, nikakiweka kiganjani mwake. Hakugeuka. Alifunga vidole, akakileta mdomoni huku akilia, akala.